Kusomea Ushauri Nasaha wa Afya ya Akili Marekani: Anza na Leseni, Ndipo Uende Darasani

Mtu anayetaka kuwa mshauri nasaha wa afya ya akili mwenye leseni nchini Marekani huanza, mara nyingi, kwa kutafuta chuo. Huangalia ada, huangalia mji, huuliza kama masomo yanapatikana kwa njia ya intaneti, kisha hupeleka maombi. Ninamshauri afanye kinyume chake. Chuo hutoa shahada tu; leseni hutolewa na bodi ya jimbo, na kila jimbo lina sheria yake. Kwa hiyo kitu cha kwanza kusoma, kabla ya kijitabu chochote cha chuo, ni masharti ya bodi ya jimbo ambako unakusudia kufanya kazi. Ukishajua bodi itakudai nini miaka minne au mitano baadaye, ndipo utakapoweza kupima kama programu fulani itakufikisha huko au itakuacha njiani ukiwa na shahada mkononi na upungufu wa kozi mbili ambazo hakuna aliyekuambia kuwa zinahitajika.

Hata jina la leseni hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. New York, Florida, Massachusetts na Washington hutumia kifupisho LMHC, yaani mshauri wa afya ya akili mwenye leseni. Texas na Pennsylvania husema LPC, Illinois na Maryland LCPC, na California LPCC. Virginia ndiyo iliyotangulia kuiwekea kazi hii sheria ya leseni, mwaka 1976, na California ikawa ya mwisho, mwaka 2009. Kwa zaidi ya miaka 30 majimbo yalikuwa yakitunga sheria hizi moja baada ya jingine, kila moja kwa mtazamo wake, na mwanafunzi wa leo ndiye anayebeba mzigo wa tofauti hizo.

Ni vizuri pia kuwa na uhakika kwamba kazi unayoitaka ndiyo hii. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na huandika dawa. Mwanasaikolojia, karibu kila jimbo, huhitaji shahada ya uzamivu. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii na washauri wa ndoa na familia wana shahada zao za uzamili na leseni zao. Mshauri nasaha wa afya ya akili huhitaji uzamili, haandiki dawa, na kazi yake kubwa ni tiba ya mazungumzo kwa mtu mmoja mmoja, kwa wanandoa, kwa familia na kwa vikundi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, washauri hawa wanaruhusiwa kuilipisha moja kwa moja Medicare, bima ya serikali ya shirikisho inayohudumia hasa wazee, na hilo limeipa leseni hii uzito ambao haikuwa nao zamani.

Kuchagua programu

Neno la kutafuta ni ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba programu imefikia viwango vya taaluma. Baraza linaloheshimiwa zaidi katika fani hii ni CACREP, lililoundwa mwaka 1981, na linaitaka programu ya uzamili katika ushauri wa afya ya akili iwe na angalau krediti 60 za mihula. Kwa anayesoma muda wote, hiyo ni miaka miwili hadi mitatu. Kwa anayefanya kazi mchana na kusoma jioni, mara nyingi huzidi hapo. Ithibati ya CACREP si sharti kila mahali, lakini yapo majimbo, Ohio likiwa mfano, ambayo humtaka anayehitimu ndani ya Marekani awe ametoka katika programu yenye ithibati hiyo. Hata kwingineko, bodi hukagua faili la mhitimu wa programu kama hiyo kwa urahisi, kwa sababu kozi zake zinajulikana, ilhali mhitimu wa programu isiyo na ithibati anaweza kutakiwa athibitishe kozi moja baada ya nyingine kwa kutumia mihtasari ya masomo.

Ukisoma chuo cha jimbo moja kwa njia ya intaneti huku ukiishi jimbo jingine, ongeza uangalifu. Kanuni za serikali ya shirikisho zinakitaka chuo kitangaze ni majimbo gani ambako programu yake inakidhi masharti ya kielimu ya leseni na ni yapi ambako haikidhi. Omba tangazo hilo kwa maandishi, tafuta jina la jimbo lako, na usiridhike na jibu la mdomo la ofisa wa udahili anayekuambia kwamba wahitimu wao wanafanya kazi kila mahali. Huenda anasema kweli, lakini bodi haitamuuliza yeye.

Masomo yenyewe yamegawanyika katika maeneo manane: taaluma na maadili yake, jamii na utamaduni, makuzi ya binadamu tangu utotoni hadi uzeeni, kazi na ajira, stadi za ushauri, ushauri wa vikundi, upimaji, na utafiti. Juu ya hayo huja kozi za kutambua maradhi, za mipango ya tiba, za uraibu na za kiwewe. Wanafunzi wengi huiona kozi ya kazi na ajira kama ushuru wa kulipa ili wapite. Mimi naona wanakosea, kwa maana utakutana na mteja aliyefukuzwa kazi baada ya miaka kumi na minane ambaye huzuni yake huwezi kuigusa bila kujua kazi ilimaanisha nini katika maisha yake.

Maombi

Shahada ya kwanza si lazima iwe ya saikolojia, ingawa programu kadhaa hudai kozi za awali kama vile takwimu na saikolojia ya makuzi. Aliyesoma nje ya Marekani huhitaji vyeti vyake vipimwe na taasisi ya tathmini inayokubaliwa na chuo, na kazi hiyo huchukua majuma, kwa hiyo ianze mapema. Barua ya maelezo binafsi ndiyo inayowaangusha wengi. Wahadhiri wanaoisoma hutaka kuona mtu anayejitambua, na si mtu anayesimulia kwa kurasa tatu jeraha lake ambalo bado linavuja damu. Kama umepitia msiba, ugonjwa au vita, unaweza kulitaja jambo hilo kwa aya moja na kueleza umejifunza nini kuhusu namna ya kumsikiliza mtu mwingine. Jiandae pia kwa usaili wa kikundi, ambamo waombaji sita au saba huketi pamoja na wahadhiri hutazama ni nani anayewasikiliza wenzake na ni nani anayengoja zamu yake ya kusema tu.

Darasani: kujifunza kutotoa nasaha

Lugha yetu imeiita kazi hii ushauri nasaha, na maneno yote mawili yanamaanisha kumwambia mtu la kufanya. Hapo ndipo mwanafunzi aliyelelewa kwa Kiswahili hupata mshtuko wake wa kwanza, kwa sababu kozi ya stadi za awali humfundisha kuzuia hicho hasa alichozoea kukiona kuwa wema. Wanafunzi hugawanywa watatu watatu: mmoja ni mshauri, mmoja ni mteja, mmoja ni mtazamaji mwenye karatasi ya kuandika. Mteja anasema, “Tangu mama afariki, dada yangu hapokei simu zangu.” Mshauri mwanafunzi, kwa moyo safi kabisa, anajibu, “Pole sana. Mbona usimtume mjomba aende kuzungumza naye?” Mtazamaji anaandika. Mhadhiri anasimamisha mazoezi na kuuliza swali moja: umejua nini kuhusu mteja huyu ambacho hukukijua kabla hujasema? Hakuna. Wanarudia. Safari hii mshauri anasema, “Umempoteza mama, na sasa ni kama unampoteza na dada.” Mteja ananyamaza, machozi yanamlengalenga, kisha anaanza kusimulia ugomvi uliotokea siku ya mazishi, ambao hakuna mjomba ambaye angeujua.

Kunyamaza nako hufundishwa. Sekunde kumi za ukimya chumbani huonekana kama saa nzima kwa anayeanza, naye huharakisha kuzijaza kwa swali. Mhadhiri mzuri atakuzuia kufanya hivyo mpaka uzoee.

Baadaye huja kazi ya kunakili mazungumzo neno kwa neno, ambayo nadhani ndiyo inayofundisha kuliko mhadhara wowote. Unarekodi kikao kwa ridhaa ya mteja iliyoandikwa, unachagua dakika kumi na tano au ishirini, kisha unaziandika katika jedwali: mteja alisema nini, nilisema nini, nilitumia stadi gani, na ningeweza kusema nini badala yake. Dakika ishirini za sauti zinaweza kukugharimu jioni nzima. Utajisikia ukimkatiza mteja mara nne. Utagundua kwamba alipotaja kileo ulihamia kwenye habari za watoto wake kwa sababu wewe ndiye uliyeogopa. Ukiona hivyo, usiuchague mkanda mwingine uliokwenda vizuri ili upate alama nzuri. Peleka huohuo uliovurugika, kwa kuwa msimamizi hawezi kukusaidia pale ambapo hujakosea.

Kozi ya kutambua maradhi hutumia mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, ambao toleo lake lililorekebishwa, DSM-5-TR, lilitoka mwaka 2022. Hapa anayejua Kiswahili ana jambo la kuleta darasani. Mtu wetu akisema “nina mawazo”, hasemi kwamba anafikiri. Anasema kwamba kuna jambo linamla usiku na mchana, na anayemtafsiria neno kwa neno atalipoteza lote. Mwongozo wenyewe umelikaribia jambo hili: katika istilahi zake za kiutamaduni limo neno la Kishona *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo watu wa Zimbabwe hueleza kuwa ni chanzo cha wasiwasi, sonona na maumivu ya mwili. Jifunze vigezo vya mwongozo kwa bidii, maana bima hailipi bila utambuzi ulioandikwa, lakini mwulize mteja jina analoupa ugonjwa wake kabla ya kumpa lako.

Katika maadili, kanuni za Chama cha Ushauri cha Marekani za mwaka 2014 ndizo utakazozisoma mpaka zikukae kichwani. Usiri una mipaka, na mteja anapaswa kuelezwa mipaka hiyo siku ya kwanza, si siku inapovukwa: kudhulumiwa kwa mtoto lazima kuripotiwe, na hatari ya kifo haiwezi kufichwa. Hukumu ya Tarasoff ya Mahakama ya Juu ya California ya mwaka 1976, iliyomwekea mtaalamu wajibu wa kumlinda mtu aliyetishiwa na mteja, bado hujadiliwa katika kila darasa, na majimbo yameipokea kwa namna tofauti, kwa hiyo soma sheria ya kwako. Uhusiano wa kimapenzi na mteja umekatazwa kabisa, na kwa mteja wa zamani katazo hilo hudumu angalau miaka mitano. Vigumu zaidi kwa wengi wetu ni mipaka midogo. Mzee anayekupa zawadi na kukuita “mwanangu” hakuvunjii maadili kwa kusema hivyo, nawe huwezi kuacha kumwamkia. Lakini jadili na msimamizi wako zawadi hiyo ina maana gani, ina thamani gani, na kuikataa kutauumiza vipi uhusiano wa tiba.

Saa 700

Programu yenye ithibati ya CACREP hudai hatua mbili za mafunzo kwa vitendo. Ya kwanza ni praktikamu, saa zisizopungua 100, ambazo 40 kati yake ni za ana kwa ana na wateja. Ya pili ni utarajali, saa 600, ambazo 240 ni za ana kwa ana. Katika hatua zote mbili mwanafunzi hukutana na msimamizi kwa wastani wa saa moja kwa juma, akiwa peke yake au na mwenzake mmoja, na tena katika kikundi kwa wastani wa saa moja na nusu. Lazima awe na bima ya dhima ya kitaaluma kabla ya kumwona mteja wa kwanza, na lazima aongoze kikundi au ashiriki kukiongoza.

Piga hesabu mapema. Saa 600 kwa mihula miwili ya majuma kumi na tano ni saa 20 kila juma, na saa 240 za ana kwa ana ni saa nane kila juma. Lakini wateja hukosa kuja. Ikiwa robo yao hawatokei, inabidi ratiba yako iwe na miadi kumi na moja ili upate nane. Wanafunzi wanaochelewa kuhitimu mara nyingi ni wale waliogundua mwezi wa nne kwamba wametimiza saa zote za makaratasi, mikutano na mafunzo, huku za wateja zikiwa nusu tu. Weka daftari la saa, ulijaze siku ileile, na umwombe msimamizi atie saini kila mwezi.

Nafasi ya mafunzo ianze kutafutwa miezi sita hadi tisa kabla. Ukienda kwenye usaili wa kituo, uliza maswali haya bila haya: ni wateja wangapi nitapewa, na baada ya muda gani, nani atanisimamia, na ana leseni gani, je, mnaruhusu kurekodi vikao? Swali la mwisho ndilo linalosahaulika, na kituo kinachokataza kurekodi bila kuruhusu msimamizi aketi ndani ya chumba kinaweza kukukosesha sharti la kozi. Tegemea pia kwamba vituo vingi havilipi. Mtu mwenye kazi ya kutwa na familia anatakiwa kupanga mwaka huo kama anayepanga mwaka wa kipato pungufu, maana ndivyo utakavyokuwa.

Msimamizi ana uwezo wa kukuzuia kuendelea. Programu hupima alama pamoja na tabia ya kitaaluma: kupokea marekebisho, kutunza siri, kujua pale unapozidiwa. Mwanafunzi anayepewa mpango wa kurekebisha upungufu aupokee kama sehemu ya masomo. Na mwanafunzi mwenyewe awe na mshauri wake, kwani hadithi za watu zitaingia mwilini mwake apende asipende.

Mwanafunzi wa kigeni

Mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, asianze hata saa moja ya mafunzo nje ya chuo, hata bila malipo, kabla ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kumthibitishia ni idhini gani inayohitajika. Idhini ya mafunzo yaliyo ndani ya mtaala huitwa CPT, na aliyeitumia kwa muda kamili kwa miezi 12 au zaidi hupoteza haki ya OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu. OPT ya kawaida ni miezi 12 tu. Linganisha muda huo na saa za baada ya shahada zinazoelezwa hapa chini, ambazo katika majimbo mengi haziishi kabla ya miaka miwili, na utaona pengo. Zungumza na mwanasheria wa uhamiaji katika mwaka wa kwanza wa masomo, na umwulize mwajiri anayetarajiwa kama yuko tayari kudhamini viza ya kazi.

Mtihani na saa za baada ya shahada

Mitihani mikuu ni miwili, yote ikiwa chini ya bodi ya kitaifa ya kuwathibitisha washauri, NBCC. NCE ina maswali 200 ya kuchagua jibu, ambayo 160 kati yake ndiyo yanayohesabiwa, na hupima maarifa mapana ya maeneo yaliyosomwa darasani. NCMHCE hukupa visa 11 vya wateja na kukuuliza, hatua kwa hatua, utapima nini, utatambua nini na utatibu vipi. New York na Florida hudai NCMHCE. Majimbo mengine mengi hukubali NCE. Programu nyingi huwaruhusu wanafunzi kufanya NCE kabla ya kuhitimu, na ninashauri kuifanya wakati huo, nadharia zikiwa bado mbichi kichwani. NCMHCE ni rahisi zaidi kwa aliyekwisha kaa na wateja, na kosa la kawaida ndani yake ni kukimbilia tiba kabla ya kupima hatari.

Baada ya shahada huja leseni ya muda au usajili, kwa majina tofauti, na saa za kazi chini ya usimamizi. New York hudai saa 3,000. Texas pia saa 3,000, ambazo 1,500 ni za ana kwa ana na wateja, kwa muda usiopungua miezi 18. Massachusetts hudai 3,360. Florida huhesabu saa 1,500 za tiba ya ana kwa ana, kwa muda usiopungua majuma 100. Kabla ya kusaini mkataba wa kazi, hakikisha kwamba msimamizi anakubaliwa na bodi kwa aina ya leseni aliyonayo, kwamba usajili wako umekwisha kutolewa, kwa sababu saa za kabla ya hapo kwa kawaida hazihesabiwi, na kwamba mwajiri ndiye anayelipia usimamizi. Wapo wahitimu wanaolipa usimamizi kutoka mfukoni kila juma kwa miaka miwili, na fedha hizo hazikuwamo katika hesabu yao yoyote.

Msimamizi akihama, akistaafu au akifariki kabla ya kuthibitisha saa zako, kuzirudisha ni kazi ngumu sana. Mwombe ajaze fomu ya bodi kila anapomaliza kipindi chake na wewe, hata kama bado hujafikia idadi, na utunze nakala nyumbani. Fanya vivyo hivyo na mihtasari ya kozi zote, katalogi ya chuo ya mwaka uliodahiliwa, mkataba wa utarajali na daftari la saa. Zaidi ya majimbo 30 yamejiunga na mkataba wa pamoja wa washauri unaolenga kumwezesha mwenye leseni kamili ya jimbo moja mwanachama kuhudumia wateja wa mengine, lakini anayehamia jimbo lililo nje ya mkataba huo hurudi kwenye maombi ya kawaida, na bodi mpya inaweza kumwomba muhtasari wa kozi aliyoisoma miaka kumi iliyopita.